Wategaji wa Kashasha

Bwenini kwetu wagonjwa walikuwa wa aina mbili: mwenye homa na mtegaji. Homa ilipimwa kwa kiganja cha matroni. Asiyekuwa na joto alirudishwa darasani, na mimi, kiranja wa afya, niliandika jina lake kwenye daftari. Tulipokuwa kidato cha pili nilimwandika rafiki yangu mara tatu katika wiki moja. Alisema kifua kinambana. Mara ya tatu alichapwa mbele yetu.

Nilimkumbuka nilipoanza kusoma habari za Kashasha, kisa ambacho watu hukisimulia kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba na ushei baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni kule Kashasha, wilaya ya Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia 18 Machi, shule ilipofungwa, walikuwa wamepatwa 95 kati ya wanafunzi 159. Kicheko kilipompanda mtu kiliweza kudumu dakika chache au saa kadhaa, kikatulia, kisha kikarudi. Na si kicheko tu. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yao mwaka 1963, wanataja pia vilio, mahangaiko, kukimbia ovyo, na kupigana pale mtu alipojaribu kuwashika. Sijui nani wa kwanza aliona hapo pana utani.

Madaktari walipima, hata damu, wasipate kitu. Hapo ndipo ninaposita kila ninapoisoma taarifa ile, kwa sababu kwetu ndipo daftari lilipofunguliwa. Wao hawakuandika kwamba wasichana wanajisingizia. Waliita histeria ya kundi, yaani mwili unaugua kweli ingawa hakuna kijidudu wala sumu. Mwaka 2007 Christian Hempelmann alikirudia kisa hicho, akasisitiza kwamba kicheko kile hakikutokana na jambo la kuchekesha. Kilikuwa dalili ya watu waliolemewa. Mimi nakubaliana naye, hasa nikikumbuka jambo moja dogo lililomo katika taarifa ya mwanzo: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Kuwarudisha nyumbani nako hakukuwa dawa. Siku kama kumi baada ya shule kufungwa, kicheko kilizuka Nshamba, kijijini kwa baadhi ya wasichana hao, na katika Aprili na Mei kikawapata watu 217. Kashasha ilifunguliwa tena 21 Mei. Wakapatwa wengine 57, na kabla ya Juni kwisha ikafungwa kwa mara ya pili. Hesabu hizi nimezinakili mara nyingi mno. Ninachokitamani ni maneno ya wasichana wenyewe, walikuwa wanaogopa nini usiku taa zikizimwa.

Rafiki yangu hakurudi shule muhula uliofuata. Mwezi uliopita nilimpigia simu, nikamuuliza kile kifua kilikuwa kinabana lini hasa. Akafikiri kidogo. "Kengele ya alfajiri ikilia," akasema. "Kabla hata sijafumbua macho." Tukanyamaza wote wawili. Kisha akaniuliza, "Na lile daftari lako, shoga, lilikwenda wapi?"