Majina ya utani ya amri za kompyuta

Amri za kompyuta ni maneno mafupi anayoandika mtumiaji ili mashine itekeleze kazi fulani. Nyingi zilitokana na mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, New Jersey. Teletaipu za siku hizo zilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, kwa hiyo majina yalikatwa hadi mifupa: cp kunakili, mv kuhamisha, rm kufuta. Katika ufupi huo watunzi walipenyeza mizaha.

Mifugo na wanyama wamo tele. Stephen Johnson alipotunga programu ya kuundia vitafsiri vya lugha za kompyuta aliiita yacc, yaani "nyingine tena" miongoni mwa programu za aina hiyo, na jina likasikika kama yak, ng'ombe wa Tibet mwenye manyoya marefu. Iliyokuja baadaye kufanya kazi hiyohiyo ikaitwa bison, nyati wa Amerika. Nayo ni ya mradi wa GNU, alioutangaza Richard Stallman mwaka 1983, wenye jina la nyumbu, mnyama wa Mara. Amri ya biff, inayoarifu kuwa barua pepe imefika, ilipewa jina la mbwa wa Heidi Stettner kule Berkeley. Ilienea hadithi kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea tarishi. Mwenye mbwa ameikana.

Huko Lodwar na Kakuma, Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, anayeanza kusomea kompyuta hukutana na majina haya yakiwa makavu. Vijana wa Turkana hufunzwa kazi za kidijitali Loropio, ufukoni mwa Ziwa Turkana, katika kampasi ya Startup Lions iliyosanifiwa na Francis Kéré, yenye minara ya kupitisha hewa iliyoigwa vichuguu vya mchwa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi, na wengi wao walijifunza Kiingereza baada ya lugha nyingine mbili tatu. Kwao amri ya less ni fumbo mpaka waelezwe: more ("zaidi"), ya mwaka 1978, ilionyesha maandishi ukurasa baada ya ukurasa kwenda mbele, Mark Nudelman akatunga inayorudi nyuma pia, akaiita less, yaani "kidogo", kwa kuwa Waingereza husema kidogo ndicho zaidi. Mwanafunzi aliyesimuliwa hivyo hasahau kazi ya amri hiyo, na ndiyo sababu mwalimu anapaswa kusimulia.

Mzaha mmoja hauhitaji maelezo mengi. Bash, programu ya kupokea amri ya Brian Fox (1989), ilichukua nafasi ya programu ya Stephen Bourne, na jina lake, kifupi cha Bourne-Again Shell, lachezea tamko la walokole "born again": kuzaliwa mara ya pili.

Mturkana wa malishoni hupata jina la sifa kutokana na maksai wake kipenzi, na bash nayo inampa kila mtumiaji nafasi ya kutoa jina. Akiandika alias nakili=cp, kuanzia hapo hadi atakapoifunga bash hiyo, neno nakili hufanya kazi ya cp.