Mtaalamu wa Televisheni na Bei ya Gari la Kale Mnadani

Mtaalamu wa magari wa televisheni ni mtu anayeketi kando ya jukwaa la mnada, au anayelizunguka gari huku mwenye gari akiwa pembeni, akiwaeleza watazamaji gari hilo ni lipi, limetoka wapi na litauzwa kwa kiasi gani. Kazi hiyo ina elimu mbili ndani yake. Moja ni kulijua gari: mwaka wake, injini yake, rangi ya kiwandani, vipuri vilivyobadilishwa. Nyingine ni kuijua bei. Watazamaji huzipokea kama kitu kimoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Elimu ya gari husomwa vitabuni na kwenye chuma chenyewe. Bei haimo kwenye chuma. Huzaliwa ukumbini, kati ya watu wawili ambao mtaalamu huenda hajawahi kuwatia machoni.

Kitovu cha biashara hii ni Marekani. Kampuni ya minada ya Barrett-Jackson ilifanya mnada wake wa kwanza mwaka 1971 huko Arizona, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mnada wake wa kila Januari mjini Scottsdale umekuwa ukirushwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa saa nyingi. Mecum, iliyoanzishwa mwaka 1988, ina minada yake mikubwa Kissimmee, Florida, na Indianapolis. RM Sotheby's, Gooding na Bonhams hushughulika zaidi na magari ya mamilioni, hasa mwezi Agosti katika wiki ya maonyesho ya Monterey na Pebble Beach, California.

Matangazo hayo yalizaa kundi la watu mashuhuri. Steve Magnante alijulikana na watazamaji wa Barrett-Jackson kwa kumwaga, ndani ya sekunde chache, historia ya gari lililosimama mbele yake. Keith Martin, mchapishaji wa jarida la Sports Car Market, aliingia kwenye kipindi cha What's My Car Worth, ambacho mhimili wake ulikuwa utabiri wenyewe: mtaalamu analikagua gari, anataja bei, kisha kamera inasubiri nyundo ya mnadi ianguke. Mthamini Donald Osborne naye alikuwa akiyathamini magari ya mchekeshaji Jay Leno mbele ya kamera, Leno akilinganisha na fedha aliyotoa mfukoni miaka ya nyuma. Uingereza kuna kipindi cha Bangers & Cash, kinachowafuata akina Mathewson wa Thornton-le-Dale, Yorkshire, ambao huuza zaidi magari ya watu wa kawaida yaliyolala ghalani miaka mingi.

Anachokitazama mtaalamu

Jambo la kwanza ni idadi iliyotengenezwa. Plymouth Hemi 'Cuda za paa la kukunja za mwaka 1971 zilitengenezwa 11 tu. Ferrari 250 GTO, iliyotoka kati ya 1962 na 1964, yalikuwa magari 36. Uchache peke yake hautoshi, kwani yapo magari machache ambayo hakuna anayeyataka, lakini uchache ukikutana na sifa ya mbio au nguvu ya injini, bei hupaa.

Pili ni uhalisi. Je, injini iliyomo ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani? Namba zilizogongwa kwenye injini, giaboksi na chesisi lazima zikubaliane. Kwenye Plymouth ya 1971, herufi R katika nafasi ya tano ya namba ya utambulisho inaonyesha kwamba gari lilizaliwa na injini ya Hemi 426. Isipokuwepo R, Hemi iliyomo imepachikwa baadaye, hata kama inang'aa namna gani. Tofauti ya herufi moja inaweza kuwa tofauti ya nyumba nzima. Hapa ndipo wataalamu hawa wanapostahili heshima kubwa, kwa sababu vibati huigwa, namba hugongwa upya, na jicho lililozoea hugundua mwandiko wa chuma usio wa kiwanda husika.

Tatu ni hali. Kampuni ya bima ya Hagerty ya Michigan hutoa mwongozo wa bei wenye madaraja manne: la 1 ni gari la kushindana kwenye maonyesho makubwa, la 2 ni bora sana, la 3 ni zuri la kuendeshwa, la 4 linatembea lakini kasoro zake zinaonekana. Kutoka daraja la 3 hadi la 1, bei ya gari lilelile inaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Kamera haioni tofauti hiyo vizuri. Rangi mpya hupendeza kwenye skrini huku kutu ikitafuna chini ya sakafu, na mtangazaji aliyepewa dakika mbili hana nafasi ya kulala chali na tochi.

Nne ni historia: nani alilimiliki, lilishinda wapi, lilionekana kwenye filamu gani. Mustang aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000. Januari 2020 iliuzwa Kissimmee kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada, ikiwa na rangi iliyochakaa na bodi yenye makovu. Hakuna jedwali la bei lenye safu ya McQueen. Mtaalamu anapolifikia gari kama hilo, mizani anayotumia kila siku haimfai tena.

Nyundo humsubiri mshindani wa pili

Mnada wa kupandisha dau hausimami pale mnunuzi mwenye hamu kubwa kuliko wote anapofika mwisho wa uwezo wake. Husimama pale mshindani wake wa karibu anapotikisa kichwa. Tuseme mmoja yuko tayari kutoa dola 900,000 na anayemfuata 400,000: gari litauzwa kwa kiasi kinachozidi kidogo 400,000. Akiingia mtu wa tatu mwenye 850,000, bei inaongezeka zaidi ya maradufu, na gari halijabadilika hata skrubu moja. Mwanauchumi William Vickrey aliuchambua mpangilio huu katika makala yake ya mwaka 1961, na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo anayekisia bei ya nyundo anakisia, kwa kweli, mfuko na subira ya mtu wa pili. Hilo halimo katika herufi R wala kwenye kibati cha rangi.

Kwenye soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mchuuzi hukisia bei ya fungu na kupatia, kwa sababu mafungu kama hayo aliyaona jana, juzi na wiki iliyopita, na wanunuzi ni walewale. Magari yanayopendwa sana na televisheni yana sifa iliyo kinyume kabisa: hayaonekani mnadani mara kwa mara, na wanaoyataka hubadilika.

Kuna pia kima cha chini cha siri ambacho mwenye gari huweka, gari lisiuzwe chini yake. Barrett-Jackson huuza magari yake mengi bila kima hicho. Mecum huuza mengi yakiwa nacho. Tofauti hii hubadilisha maana ya utabiri. Hemi 'Cuda moja ya paa la kukunja iliuzwa na Mecum mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Nyingine ilifikishwa dola milioni 4.8 huko Indianapolis mwaka 2021, ikarudi nyumbani bila kuuzwa. Mtaalamu aliyesema milioni tano hapo amepatia au amekosea? Hakuna bei ya kumhukumu nayo, na orodha za mauzo zisizotaja magari yaliyoshindikana humfanya msomaji aone soko likiwa na afya kuliko lilivyo.

Ada nayo huvuruga hesabu. Bei ya nyundo ni ile iliyotamkwa ukumbini. Bei inayotangazwa baadaye huwa na ada ya mnunuzi juu yake. Gari la Batman la kipindi cha televisheni cha miaka ya 1960, lililoundwa na George Barris, lilinadiwa na Barrett-Jackson Januari 2013: nyundo ilianguka kwenye dola milioni 4.2, magazeti yakaandika milioni 4.62. Mfano wenye funzo zaidi ni Ferrari 250 GTO ya Agosti 2018 mjini Monterey. RM Sotheby's ilikisia kati ya dola milioni 45 na 60. Iliuzwa dola milioni 48.4, na ulimwengu ukasema makisio yametimia. Lakini makisio ya katalogi kwa desturi hayahesabu ada, na nyundo yenyewe ilikuwa imeanguka kwenye milioni 44, chini ya ukingo wa makisio. Anayelinganisha utabiri na matokeo bila kuiondoa ada anawapa wataalamu alama ambazo hawakuzipata.

Ukumbi wenyewe unaweza kwenda mrama. Agosti 2019, hukohuko Monterey, Porsche Type 64 ya mwaka 1939 ilitarajiwa kufika dola milioni 20 hivi. Mnadi alitamka 13, skrini ikaandika 30. Dau likapanda, skrini ikionyesha 40, 50, 60, hadi 70, watu wakishangilia wakiwa wamesimama. Kisha mnadi akasahihisha: ni 17, si 70. Ukumbi ukapoa na gari halikuuzwa. Kwa dakika hizo chache, waliokuwa wakitabiri kwa kutazama skrini walikuwa wakisoma namba za soko lisilokuwepo.

Wakati na ladha

Njia bora ya kulipima soko ni kulifuata gari lilelile moja kila linapouzwa. Shelby Cobra 427 Super Snake, aliyokuwa nayo muundaji wake Carroll Shelby mwenyewe, iliuzwa dola milioni 5.5 mwaka 2007. Mwaka 2015 ikauzwa milioni 5.115. Mwaka 2021 ikafika karibu milioni 5.9. Ukiondoa kupungua kwa thamani ya dola katika miaka hiyo 14, pamoja na gharama za kulitunza na bima, aliyedhani gari la kale ni benki atakuwa amepata somo. Mwaka 2007 soko la magari ya misuli ya Marekani, yaani yale ya injini zenye nguvu, lilikuwa kileleni na sauti za kwenye televisheni zilikuwa za furaha. Msukosuko wa fedha wa 2008 ukalishusha. Kabla ya hapo Ferrari zilipanda vibaya baada ya kifo cha mwanzilishi wake, Enzo Ferrari, mwaka 1988, kisha zikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtaalamu anayetegemea mauzo ya mwaka uliopita hukosea zaidi siku ambazo kupatia kungekuwa na faida kubwa, yaani soko linapogeuka.

Ladha huhama pamoja na umri. Wenye fedha hununua gari walilolitamani wakiwa vijana, na kizazi kikipita, magari yake hukosa wagombea. Ndiyo maana Toyota Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika kwenye filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa dola 550,000 mwaka 2021, fedha ambayo mnunuzi wa magari ya miaka ya 1930 angeishangaa. Datsun 240Z inatuhusu kwa karibu zaidi, kwani ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, ushindi wa pili ukiwa wa dereva Shekhar Mehta. Ilipoingia Marekani iliuzwa dola 3,526. Januari 2020 moja iliyotunzwa karibu kama mpya ilipigwa mnada mtandaoni, kwenye Bring a Trailer, kwa dola 310,000. Bei hiyo haikuifanya kila 240Z kuwa mali ya 310,000, ingawa wapo wauzaji waliojaribu kuamini hivyo.

Zipo njia za hesabu. Mwaka 1939 Andrew Court, akifanya kazi kwa watengenezaji wa magari wa Marekani, alionyesha namna ya kuigawanya bei ya gari katika sifa zake, kama uzito, urefu na nguvu ya injini, kila sifa ikapewa thamani yake. Njia hiyo sasa hutumika hata kwenye nyumba na kompyuta. Kwa Mustang za kawaida au 240Z, ambazo mauzo yake ni mengi na yako wazi mtandaoni, hesabu ya aina hii inaweza kushindana na jicho la mtaalamu yeyote. Kwa gari kama Mercedes 300 SLR Uhlenhaut, ambalo yapo mawili tu duniani, haina la kusema. Moja liliuzwa tarehe 5 Mei 2022 katika mnada wa walioalikwa, mjini Stuttgart, kwa euro milioni 135, karibu mara tatu ya rekodi ya mnada iliyokuwepo. Bei hiyo isingeweza kupatikana kwa kunyoosha mstari kutoka mauzo yaliyotangulia.

Basi utabiri wa mtaalamu upimwe vipi? Bei moja iliyonyooka ni mchezo wa televisheni. Utabiri wenye maana una ukingo wa chini na wa juu, unasema kama ada imo, na unataja sababu zinazoweza kukaguliwa. Kisha uwekwe kwenye daftari pamoja na mingine mingi ya mtu huyohuyo, magari yaliyoshindikana yakiwemo, kwa sababu kumbukumbu ya mtazamaji huhifadhi siku ya kupatia na kuisahau ile ya kukosea. Ikumbukwe pia kwamba vipindi vilivyorekodiwa huhaririwa, na anayetangaza mnada akiwa mgeni wa mwenye mnada si rahisi aseme gari halifai.

Kwa mtu anayefikiria kununua, sehemu ya thamani katika maneno ya mtaalamu ni ile ya kwanza: namba, kutu, hati, injini. Sikiliza hiyo kwa makini na uandike. Kuhusu bei, amua kikomo chako nyumbani ukiwa umeshahesabu ada, usafiri na matengenezo, mlipe mkaguzi huru asiye na fungu katika mauzo akalikague gari kabla ya siku ya mnada, na dau likivuka kikomo, ondoka.