Upasuaji wa kope

Upasuaji wa kope (pia: blefaroplasti) ni upasuaji unaoondoa au kupanga upya ngozi, misuli na mafuta yaliyozidi katika kope za juu, za chini au zote. Neno "kope" hapa lina maana ya ngozi inayofunika jicho, si nywele za ukingoni mwake.

Mara nyingi hufanywa kwa ajili ya urembo. Pengine hufanywa kwa sababu ngozi ya kope ya juu imening'inia hadi kuziba sehemu ya uwezo wa kuona.

Usichanganywe na upasuaji wa trakoma, unaojulikana zaidi vijijini Afrika Mashariki. Huo hurekebisha kope iliyogeukia ndani, ambayo nywele zake hukwaruza konea, na lengo lake ni kuzuia upofu.

Historia

Celsus, mwandishi Mroma wa karne ya 1 BK, alieleza namna ya kukata ngozi ya kope iliyolegea. Jina blefaroplasti, lenye asili ya Kigiriki, lilitumiwa mwaka 1818 na daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe kuhusu kutengeneza upya kope iliyoharibika. Mwaka 1896 Mikamo wa Japani alieleza jinsi ya kuweka mkunjo kwenye kope ya juu, upasuaji ambao leo umeenea sana Korea Kusini.

Kabla ya upasuaji

Si kila kope iliyoshuka ina ngozi ya ziada. Huenda msuli unaoinua kope umelegea, au nyusi zenyewe zimeshuka. Hapo kukata ngozi peke yake hakusaidii. Daktari huuliza pia kuhusu macho makavu, glakoma, kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya tezi ya thiroidi. Dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, kama aspirini, huenda zikasimamishwa kwa muda, lakini mgonjwa wa moyo asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Upasuaji wenyewe

Kwa kawaida hutumika dawa ya ganzi, pengine pamoja na dawa ya kutuliza, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwenye kope ya juu daktari hukata katika mkunjo wa asili, ili kovu lijifiche. Kwenye kope ya chini hukata karibu kabisa na mstari wa nywele, au upande wa ndani wa kope, ambako kovu halionekani nje.

Kipimo ndicho kazi ngumu. Kazi ya kwanza ya kope ni kufunga na kulowanisha jicho, wala si kupendeza. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halifungi vizuri na konea hukauka. Kope ya chini yaweza kuvutwa chini au kupinduka nje. Ngozi iliyobaki kidogo yaweza kupunguzwa baadaye, lakini iliyokatwa kupita kiasi ni vigumu kuirudisha.

Kupona

Siku mbili au tatu za kwanza uso hutisha kuliko hali ilivyo: kope huvimba, damu huvilia chini ya ngozi, macho hutoa machozi na kuona hufifia kidogo kwa sababu ya marhamu. Kitambaa baridi na kulala kichwa kikiwa juu hupunguza uvimbe. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi, na wengi hurudi kazini baada ya wiki moja au mbili. Kuinua mizigo, kuinama sana (ndoo ya maji imo) na kusugua macho huepukwa hadi daktari aruhusu.

Maumivu makali yanayozidi, jicho kusukumwa nje, au kuona kupungua ghafla si sehemu ya kupona. Huenda damu inavuja nyuma ya jicho na kukandamiza neva yake. Hali hiyo ni nadra, lakini yaweza kuleta upofu wa kudumu ndani ya saa chache. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata usiku wa manane.

Kovu hufifia kwa miezi kadhaa. Keloidi hutokea mara chache sana kwenye kope, hata kwa watu wenye kuzipata sehemu nyingine za mwili. Makunyanzi ya pembeni mwa macho hayaondolewi na upasuaji huu.