Elimu ya bure haikuanza na Kibaki

Ukiuliza mtu wa rika letu elimu ya bure ilianza lini, atakwambia Kibaki, 2003. Zii. Mzee Kenyatta aliondoa karo ya darasa la 1 hadi la 4 kuanzia Januari 1974. Watoto wakafurika: darasa la kwanza lilitoka chini ya laki 4 likafika karibu milioni 1. Serikali haikuwa imejipanga. Madarasa hayakutosha, shule zikaanza kuitisha pesa ya ujenzi, na mahali pengi ikapita hata karo iliyofutwa. Watoto wengi wakarudi nyumbani.

2003, serikali ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. 650 ni ya vitabu na vifaa vya kusomea. 370 ni ya ukarabati, mlinzi na mengineyo. Hapo ndipo shule ndogo ya kijijini iliumia. Piga hesabu: watoto 60 mara 370 ni 22,200, yaani 1,850 kwa mwezi. Mlinzi gani huyo? Na paa likivuja halijali mko wangapi.

Mzazi mwenye uwezo akiona hivyo, anahamisha mtoto hadi akademi. Kila anayehama anaondoka na pesa yake, shule inazidi kuchakaa. Wanaobaki ni wale wasio na pa kwenda.

So ukiskia shule fulani ifungwe juu haina wanafunzi, uliza kwanza: ni nini kiliwafukuza?