Tabia bwete na uzito uliozidi kwa watu wazima: Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Tabia bwete ni mazoea ya kukaa au kujilaza kwa saa nyingi za mchana, kazini na nyumbani, bila shughuli ya kuutoa mwili jasho. Pamoja na ulaji unaozidi mahitaji ya mwili, mazoea hayo huchangia uzito uliozidi, shinikizo la juu la damu, kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo. Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, hali hii ina umri mdogo. Imeingia pamoja na ofisi, duka, pikipiki na lami, katika nchi ambayo kilimo na uvuvi wake vilijengwa juu ya nguvu za mwili.

Vipimo

Shirika la Afya Duniani hugawanya uzito wa mtu katika kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, ni unene uliokithiri, au kiribatumbo. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 huvuka mstari wa kwanza akifikisha kilo 64, na wa pili akikaribia kilo 77. Kiuno nacho hupimwa kwa futi kamba: hatari huanza kupanda kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, mfano kutembea kwa haraka, na apunguze muda wa kukaa.

Kazi ya mwili Umatengoni

Wamatengo wa Mbinga wanaishi kwenye milima inayopanda hadi karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miteremko yao ni mikali mno kwa trekta. Kilimo kilichowapa umaarufu ni ngoro, yaani mashimo ya mraba yaliyopangwa upande wote wa mlima ili kuzuia maji ya mvua yasikokote udongo.

Ngoro hudai jasho kila hatua. Masika yakiwa yamekolea, wanaume hufyeka majani na kuyaacha yakauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatizana hadi mlima uonekane umechorwa miraba, kila mmoja wa meta moja na nusu hivi au zaidi. Hapo wanawake huingia na majembe ya mkono. Huchimba udongo katikati ya mraba na kuufukia juu ya majani, hupanda maharage kwenye matuta yanayotokea, na kuyafunika kwa udongo mwingine kutoka shimoni. Majani yanaoza chini ya tuta na kuwa mbolea. Baada ya maharage hufuata mahindi. Mashimo ya msimu mwingine huchimbwa pale matuta ya awali yalipokutana, kwa hiyo shamba zima hugeuzwa upya kwa jembe. Mwanamke anayelima ngoro hufanya kazi hiyo ameinama, mguu mmoja juu na mwingine chini, kwa siku nyingi mfululizo. Ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za kilimo nchini, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya wanawake.

Kahawa ya Arabika, iliyoenea wilayani tangu zama za Waingereza, iliongeza kazi nyingine: kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kubeba. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye migongo ya vilima huku maji yakipatikana bondeni, hivyo ndoo ya maji ilikuwa mlima wa kila siku. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa kushirikiana na Wajapani, kiliichunguza ngoro kuanzia miaka ya 1990. Katika kijiji cha Kindimba mradi wa ushirikiano huo uliacha kinu cha kusagia nafaka kinachoendeshwa kwa nguvu za maji. Kwa akina mama waliokuwa wakitwanga au kubeba mahindi mbali, huo ni unafuu wa haki, na hakuna mtu mwenye moyo atakayewaombea warudi kwenye kinu na mchi kwa ajili ya kiuno chembamba.

Ufukweni

Mwambao kutoka Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay ni nchi ya Wanyasa, Wamanda na Wampoto, watu wa mtumbwi, nyavu na muhogo. Kupiga kasia usiku na kuvuta nyavu ni kazi ya mabega na mgongo. Kuanika usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, kuugeuza na kuuanua ni kazi ya kuinama na kuchuchumaa. Injini ya boti imepunguza kasia kwa wanaoimudu.

Lami, pikipiki na kiti

Kwa miaka mingi safari ya Mbinga ilitegemea mvua. Barabara kutoka Peramiho hadi Mbinga ilipata lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilometa 60 za kuteremka kwenye kona, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga na kuwa wilaya kamili, makao makuu yakiwa Mbamba Bay. Kila makao makuu mapya huja na watumishi, kaunta, meza na viti.

Bodaboda ndiyo iliyobadilisha zaidi mwendo wa mtu wa kawaida. Kilima kilichokuwa kikipandwa kwa miguu sasa hupandwa kwa nauli ndogo. Mama mjamzito hufika zahanati mapema, na gunia la kahawa hufika chama cha msingi cha ushirika bila kichwa cha mtu. Lakini dereva mwenyewe hukaa juu ya pikipiki kutwa nzima, na akisubiri abiria kijiweni hukaa hapo hapo. Mwenye duka hukaa. Karani hukaa. Jioni wote watatu hukaa mbele ya runinga au simu, na mlo wao umebaki ule ule wa mtu aliyetoka kuchimba ngoro.

Utafiti

Takwimu za afya za kitaifa zinaonyesha mwelekeo usiofichika. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015/16, na mijini kiwango kilikuwa mara mbili ya vijijini. Uchunguzi wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 26 wamezidi uzito, wanawake wakiwa wengi zaidi ya wanaume kwa mbali.

Ushahidi wa karibu zaidi na maisha ya Mbinga unatoka Morogoro. Watafiti waliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijiji vya mkoa huo kwenda Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume wenye kufanya kazi nzito walishuka kutoka karibu wanne kati ya watano hadi karibu mmoja kati ya wanne, na wahamiaji, wanaume kwa wanawake, waliongezeka wastani wa kilo mbili na ushei. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni siku yao ilivyopangwa.

Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Ziwa Eyasi, wametoa fundisho lingine. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haipishani sana na ya watu wa Marekani na Ulaya, ingawa wanatembea zaidi kwa mbali. Mwaka 2020 ikaonekana pia kwamba wanapumzika karibu saa kumi kwa siku, ila sehemu ya mapumziko hayo ni kuchuchumaa au kupiga magoti, mikao inayoifanya misuli iendelee kufanya kazi. Kwa hiyo hesabu ya uzito haiishii miguuni. Sahani ina neno lake.

Nje ya Afrika, mtafiti Jerry Morris alionyesha mwaka 1953 kwamba madereva wa mabasi ya London waliugua moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi. Baadaye ikagundulika kuwa madereva walikuwa na viuno vikubwa tangu walipopimwa sare za kazi. Mwili mzito nao huvutwa na kiti.

Chakula

Ugali wa mahindi na maharage milimani, ugali wa muhogo na samaki ziwani. Mjini zimeongezeka chipsi, maandazi, soda na mafuta ya kupikia.

Mtazamo wa jamii

Kitambi kilisomwa kama dalili ya mafanikio, na mke aliyenenepa kama dalili ya kutunzwa. Miaka ambayo UKIMWI uliua wengi, kukonda kulizua minong'ono, na watu wakauogopa wembamba kuliko unene. Woga huo haujaisha, na unafanya ushauri wa kupunguza uzito usikike kama tusi.

Hatua

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Novemba 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Hospitali za misheni za Litembo na Liuli, zilizojengeka kwa ajili ya uzazi, malaria na majeraha, sasa zinahudumia pia wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari.

Mazoezi ya Jumamosi moja kwa mwezi ni machache mno kwa anayekaa siku nyingine zote, na kwa mkulima wa ngoro hayana maana, kwani anachohitaji yeye ni kupumzika. Walengwa halisi ni watumishi, wafanyabiashara na madereva wa Mbinga mjini na Mbamba Bay. Hao na watembee kwenda kazini pale umbali unaporuhusu, wasimame kila baada ya muda, wapunguze ukubwa wa tonge, mafuta na soda, na wapime kiuno, shinikizo la damu na sukari kabla ya kuugua.