Dada wa WhatsApp alivyowatikisa mawakala wa Bukoba

Zamani mzigo wa Bukoba ulikuwa na safari ndefu kinoma: treni kutoka Dar mpaka Mwanza, meli kuvuka Ziwa Victoria, stoo ya wakala, ndipo duka la Muleba. Kila mkono uliongeza chake, na mnunuzi wa mwisho ndo alilipia yote.

Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania. Mwaka uliofuata kebo ya SEACOM ikatua Dar, intaneti ikaanza kushuka bei. Taratibu dada mwenye simu tu akaweza kuposti viatu WhatsApp, kupokea oda, kutuma hela Kariakoo na kuletewa mzigo kwa basi. Halipi kodi ya fremu, hana stoo. Wakala atashindana naye vipi?

Ila kuna kitu kinasahaulika. Mwenye duka ndo alikuwa anakopesha sukari na mafuta ya taa mpaka kahawa ivunwe. Wa mtandaoni anataka hela kwanza. Mwenye duka akifunga, bei itakuwa chini sawa, lakini msimu ukiwa mbaya nani atakuandika kwenye daftari?

Wana Kagera, mnasemaje?