Maradhi na Biashara ya Furaha

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kericho hupita Ahero, kisha Awasi. Kila ifikapo Desemba, njia hii hujaa watu warudio makwao kutoka Nairobi na miji mingine. Huo ndio msimu wa wapiga gitaa za benga na ngoma za ohangla, wenye vilabu, wakodishaji wa mahema na vipaza sauti, na akina mama wakaangao samaki. Bidhaa yao ni furaha, na soko lake ni usiku.

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona. Kabla mwezi haujaisha vilabu vilifungwa, na tangu tarehe 27 watu walikatazwa kutoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Vilabu vilifunguliwa tena mwishoni mwa Septemba. Lakini Desemba ilipowadia, kila mtu alipaswa kuwa nyumbani saa nne usiku. Hata mkesha wa Mwaka Mpya haukusamehewa.

Mwezi wa Juni 2021 maradhi yalizidi katika nchi ya ziwa. Kaunti 13, Kisumu ikiwamo, zikarudishiwa amri ya saa moja jioni. Matanga nayo, ambayo kwa Wajaluo hukusanya umati na wanamuziki, yaliwekewa mpaka wa watu 50. Amri ya usiku iliondolewa nchini tarehe 20 Oktoba 2021.

Kwa nini biashara hii iliumia hivyo? Mkulima wa mpunga wa Ahero akikosa soko leo, huweka mavuno yake ghalani auze kesho. Mpiga gitaa hana ghala: usiku wa Krismasi ukipita, umepita na ujira wake.

Tena hofu huweza kufika mahali ambapo maradhi yenyewe hayajafika. Mwaka 2014, Ebola ilipoua watu wengi Afrika ya Magharibi, Moroko haikuwa na ugonjwa huo. Hata hivyo ilikataa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa tarehe zilizopangwa. Mashindano yakahamishiwa Guinea ya Ikweta, Januari 2015.

Je, amri za Korona zilikuwa bure? La. Umati ndio riziki ya mwanamuziki, na umati huo huo ndio njia ya maradhi. Lakini usalama wa wote ulilipiwa zaidi na wachache. Basi yatupasa kukumbuka kwamba aliyeacha kazi yake ili jirani apone ni mdai wetu, si mwombaji.